Hisa ya bei ndogo si lazima iwe rahisi

Fika soko la Memorial hapa Moshi asubuhi, belo la mitumba linapofunguliwa. Wazoefu hawaanzi na bei. Wanageuza shati, wanavuta kola, wanachungulia kwapani. La elfu mbili lililochanika wanalitupa pembeni, la elfu kumi ambalo dukani lingekuwa elfu hamsini wanalikumbatia. Cha ajabu, watu hao hao wakihamia kwenye hisa, yaani vipande vya umiliki wa kampuni, macho yanaishia kwenye bei tu. Hizi hapa dhana nne zinazowapoteza.

Dhana: Hisa ya shilingi 300 ni rahisi kuliko ya shilingi 5,000.

Bei bila faida haikuambii kitu. Tuseme kampuni ya kwanza inauza hisa kwa 300 na faida yake kwa mwaka ni shilingi 10 kwa kila hisa. Ya pili ni 5,000, faida shilingi 1,000. Kwa ya kwanza unalipia faida ya miaka 30. Kwa ya pili, miaka 5. Ghali ni ile ya mia tatu.

Dhana: Imeporomoka, sasa ni ya kuokota.

Huenda. Lakini kwanza tazama kwapani. Precision Air, shirika lililoanzia Arusha, liliuza hisa kwa umma mwaka 2011 kwa shilingi 475. Sisi wa kaskazini ni rahisi kuinunua kwa mapenzi, maana ndege zake tunaziona uwanja wa KIA. Ila miaka iliyofuata kampuni iliandika hasara mara nyingi, na aliyeona bei iko chini ya 475 akadhani ameokota dodo hakuwa amefungua hesabu za kampuni.

Dhana: Thamani ya kweli ni ile iliyoandikwa kwenye vitabu vya hesabu vya kampuni.

Mashine kuukuu ya kukoboa kahawa inaweza kuandikwa milioni mia. Siku ya kuiuza anakuja mnunuzi wa chuma chakavu. Thamani ya kweli hukadiriwa, na makadirio hukosea, ndiyo maana mwangalifu akipata thamani ya 1,000 kwa hisa kwenye hesabu zake husubiri bei ya 600 au 650. Pengo hilo ndilo linalombeba akikosea.

Dhana: Kama kweli iko chini ya thamani, soko litaona upesi.

Hapa ndipo wengi huchoka. Benki ya CRDB iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2009, baada ya kuuza hisa kwa shilingi 150. Ilipanda, ikashuka, na mwaka 2019 ilikuwa chini ya bei ile ile ya kuanzia. Miaka kumi! Benki yenyewe ilikuwa inapata faida na kutoa gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa. Kufikia 2024 bei ilikuwa imevuka 500, na gawio la mwaka wa hesabu wa 2023 peke yake lilikuwa shilingi 50 kwa hisa. Aliyenunua 2019 kwa kusoma hesabu alilipwa vizuri, lakini ilibidi kwanza avumilie kuchekwa na shemeji aliyenunua kiwanja.

Kuuza nako si kama kutoa hela kwa wakala. Dalali wa hisa anaweka oda ya kuuza sokoni, na kwa kampuni ndogo inaweza kukaa wiki kadhaa bila mnunuzi kutokea. Ada ya shule ya Januari usiipeleke huko.