Uangalizi wa bunge la kaunti: mwakilishi wa wadi anamwajibishaje gavana?

Uangalizi wa bunge la kaunti ni mamlaka waliyo nayo wawakilishi wa wadi nchini Kenya ya kuiuliza serikali ya kaunti imefanya nini, kwa pesa ngapi na kwa idhini ya nani, kisha kuchukua hatua majibu yasiporidhisha. Mamlaka hayo si fadhila ya gavana. Yamo katika Kifungu cha 185 cha Katiba ya 2010, kinacholipa bunge la kaunti kazi ya kutunga sheria pamoja na kazi ya kuichunga kamati kuu ya kaunti, yaani gavana na mawaziri wake, na idara zake zote, mradi kila upande uheshimu mipaka ya mwenzake.

Serikali za kaunti, 47 kwa jumla, zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013. Kaunti hizo zimegawanywa katika wadi 1,450, na kila wadi huchagua mwakilishi wake, ambaye karibu kila Mkenya humwita MCA. Nairobi ina wadi 85, Lamu ina 10. Mbali na hao wapo walioteuliwa na vyama, ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama na makundi yaliyotengwa yapate sauti. Gavana naye huchaguliwa moja kwa moja na wapigakura wa kaunti nzima, na wala hana kiti bungeni. Mawaziri wake wa kaunti vilevile. Msomaji wa Tanzania asimchukue MCA kuwa sawa kabisa na diwani. Diwani hukaa katika halmashauri inayomchagua mwenyekiti wake miongoni mwa madiwani wenyewe, na mkurugenzi mtendaji huteuliwa na Rais. MCA anakabiliana na mtendaji aliyepigiwa kura na watu wale wale waliompigia yeye.

Mambo yanayochungwa si madogo. Zahanati, hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, barabara za kaunti, maji na kilimo, yote hayo yako mikononi mwa kaunti. Katiba inaamuru kwamba mgao wa kaunti zote usipungue asilimia 15 ya mapato ya kitaifa yaliyokaguliwa, na juu yake kuna kodi za mashamba na nyumba, ada za maegesho na leseni za biashara zinazokusanywa papo hapo. Mama anapofika zahanati akaambiwa dawa hakuna akanunue dukani, aliyepaswa kuwa amekwisha kuuliza swali kabla yake ni mwakilishi wa wadi.

Lakini wengi wetu hatumpimi MCA kwa maswali anayouliza. Tunampima kwa basari aliyogawa, mchango aliotoa kwenye matanga, na tingatinga alilolileta kulima barabara ya mtaa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika sehemu ya 9, inasema wazi kwamba mwakilishi asijiingize, moja kwa moja wala kwa mlango wa nyuma, katika kazi za utendaji za serikali ya kaunti, wala asitoe huduma kana kwamba ni mfanyakazi wake. Mantiki yake haina utata. Aliyemwomba gavana tingatinga leo atamkaguaje kesho juu ya mafuta ya tingatinga lile lile? Kila tunapomshinikiza mwakilishi wetu alete maendeleo kwa mkono wake, tunamfunga mdomo sisi wenyewe, na nadhani hilo limeudhuru ugatuzi, yaani kule kushusha madaraka hadi kaunti, kuliko tunavyopenda kukiri.

Basi kazi yenyewe inaonekanaje? Tuseme kuna zahanati iliyotengewa pesa katika wadi fulani. Kandarasi ikatolewa, kuta zikapanda, bati likapigwa, kisha fundi hakuonekana tena. Mwakilishi anayeijua kazi yake haishii kupiga picha na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la wadi. Anaanza na makaratasi. Mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao kaunti hutakiwa kuufikisha bungeni kufikia Septemba 1: je, mradi huu ulikuwemo? Makadirio ya bajeti, ambayo hufika kufikia Aprili 30 na kupitishwa kabla mwaka wa fedha haujaisha Juni 30: ulipewa shilingi ngapi? Kisha bajeti ya ziada, ile inayoletwa katikati ya mwaka. Hiyo inahitaji macho makali kuliko zote, kwa kuwa fungu la zahanati linaweza kuhamishiwa usafiri wa maafisa kwa mstari mmoja tu ndani ya majedwali marefu, na anayeupigia kura mstari huo ni MCA yuyo huyo.

Baada ya bajeti hufuata mkataba na orodha ya kazi na vifaa, ambayo wakandarasi na maafisa huiita BQ. Humo mmeandikwa milango mingapi, dari ya aina gani, tangi la maji la lita ngapi. Halafu cheti cha kazi iliyofanyika, kilichotiwa sahihi na mhandisi wa kaunti, na vocha ya malipo. Hapo ndipo ukweli hubanwa. Cheti kinasema dari imewekwa na rangi imepakwa. Mwakilishi ametoka huko asubuhi, amesimama katika chumba cha kujifungulia na akayaona mabati juu ya kichwa chake, na kwenye ukuta saruji haijaguswa na brashi. Akiweka cheti hicho mezani mbele ya waziri wa afya wa kaunti, amemaliza nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ya wauguzi na dawa, maana jengo tupu halitibu mtu: nani ameajiriwa, nani amehamishwa, na je, kaunti ina deni KEMSA, shirika la kitaifa la ugavi wa dawa, linalofanya dawa zichelewe?

Waziri hawezi kusema hataki kuja. Kifungu cha 195 kinalipa bunge la kaunti na kamati zake uwezo wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi au habari, kwa nguvu sawa na za Mahakama Kuu za kuwalazimisha mashahidi kufika na kudai hati. Mwakilishi mmoja akiwa peke yake anaweza kuomba taarifa bungeni. Swali lake huenda kwa kamati inayohusika, nayo huifuata idara mpaka jibu lirudi. Walioteuliwa kuwa mawaziri hupigwa msasa na bunge kabla ya kuapishwa. Waziri akiharibu kazi, bunge linaweza kupitisha azimio la kumtaka gavana amfute. Pia kuna rungu la bajeti, ambalo halina kelele lakini gavana yeyote analihofu: bila kura ya wawakilishi, hana matumizi yaliyoidhinishwa.

Upande wa ukaguzi, bunge halifanyi kazi gizani. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutakiwa kukamilisha ripoti ya kila kaunti ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, na bunge lina miezi 3 ya kuijadili na kuchukua hatua. Naye Mdhibiti wa Bajeti huidhinisha kila pesa inapotolewa kwenye hazina ya kaunti, na hutoa ripoti za matumizi. Kamati ya hesabu za umma ikiwa makini, ripoti ya mkaguzi huigeuza kuwa maswali, ukurasa kwa ukurasa: vocha hii iko wapi, mkandarasi huyu alilipwa kwa kazi gani, gari hili limesajiliwa kwa jina la nani. Ni kazi ya kuchosha isiyopata nafasi kwenye habari za saa moja. Mimi naona ndiyo moyo wa uangalizi wote. Seneti, bunge la kitaifa linalowakilisha kaunti, pia huwaita magavana kuhusu fedha za mgao wa kitaifa, na vikao vyake ndivyo vinavyoonekana zaidi kwenye televisheni, ila maseneta hawapiti kwenye barabara ya wadi hiyo kila siku.

Kinachovutia kamera ni kumbandua gavana. Kifungu cha 181 kinataja sababu: kukiuka Katiba au sheria kwa kiwango kikubwa, kuwepo kwa sababu nzito za kuamini ametenda uhalifu, kutumia ofisi vibaya au utovu mkubwa wa nidhamu, au kutojiweza kimwili au kiakili. Hoja huungwa mkono kwanza na angalau theluthi moja ya wanachama wote, kisha lazima ipate theluthi mbili ya wote, wawe wamehudhuria au la. Ikipita, mashtaka huenda Seneti, na gavana huondoka tu iwapo wengi wa wajumbe wa kaunti 47 watayathibitisha.

Hesabu hiyo haina mzaha. Oktoba 2024, bunge la Kaunti ya Kericho lilimbandua Gavana Erick Mutai kwa kura 31 kati ya wanachama 47. Theluthi mbili ya 47 ni 31 na kidogo, na kwa kuwa mtu hagawanyiki, zilihitajika 32. Seneti iliisimamisha kesi hapo hapo bila kufika kwenye mashtaka yenyewe. Huko nyuma, Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondolewa Januari 2020, na Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huo huo, ilhali Anne Waiguru wa Kirinyaga alinusurika Seneti katikati ya 2020. Martin Wambora wa Embu, gavana wa kwanza kubanduliwa, mwaka 2014, alirudishwa ofisini na mahakama. Bunge linalokurupuka na hoja bila ushahidi wa vocha na vyeti huenda Seneti mikono mitupu, na gavana hurudi nyumbani na nguvu zaidi.

Uangalizi una maadui wake, na wengine wamo ndani ya ukumbi wenyewe. Chama cha gavana kikiwa na wingi bungeni, maswali hupungua makali. Pesa za bunge nazo hupitia hazina ya kaunti, kwa hiyo anayechunguzwa ana mkono kwenye mfuko wa anayemchunguza. MCA mwenye kampuni iliyosajiliwa kwa jina la shemeji na inayowania kandarasi za kaunti hana uso wa kumuuliza mhandisi kitu. Tena kuna mwakilishi mwaminifu kabisa asiyejua kusoma jedwali la bajeti, wala hana mtu wa kumsaidia kulisoma. Huyu anahitaji mafunzo na karani mzuri wa kamati, si matusi.

Mwananchi naye ana mlango wake. Kifungu cha 196 kinataka vikao vya bunge na kamati zake vifanywe hadharani, kwa hiyo unaweza kwenda kuketi na kusikiliza. Sheria inakuruhusu kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti juu ya jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Nakala ya mkataba wa ile zahanati unaweza kuiomba mwenyewe chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayompa afisa siku 21 za kukujibu. Andika barua, taja jina la mradi na mwaka wa fedha, gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na nakala nyingine umpelekee MCA wako ukimwomba aulizie jambo hilo bungeni.