Ngano za Kilatini hazikutungwa kwa ajili ya watoto

Tumezoea kudhani ngano za kale za wanyama zilitungwa ili kuwafunza watoto adabu. Sivyo. Phaedrus, aliyeziandika kwa mashairi ya Kilatini huko Roma katika karne ya 1, alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Kwenye utangulizi wa kitabu chake cha 3 anasema ngano ilibuniwa kwa sababu mtumwa, kwa kuogopa adhabu, hakuthubutu kusema wazi yaliyo moyoni.

Chukua ile ya mbwa mwitu na mwanakondoo wakinywa mto mmoja. Mbwa mwitu, aliye upande wa juu, analalamika kuwa anachafuliwa maji. Maji yanatoka kwako kuja kwangu, anajibiwa. Basi ulinisema vibaya miezi 6 iliyopita! Sikuwa nimezaliwa. Basi alikuwa baba yako! Akamrarua.

Mwanakondoo ana adabu, ana hoja, na bado analiwa. Mtoto ajifunze nini hapo? Phaedrus mwenyewe anasema kisa hicho kinawahusu wanaowaonea wasio na hatia kwa visingizio. Naye yalimkuta: anamtaja Sejanus, mkuu wa walinzi wa Kaizari Tiberio, kuwa ndiye aliyekuwa mshitaki wake, shahidi na hakimu.