Mhandisi wa Wi-Fi si mfunga vifaa

Kampuni ikitafuta mhandisi wa mtandao usiotumia waya, swali la kwanza kwenye usaili huwa: umeshafunga vifaa vingapi? Wengi wanaamini Wi-Fi ikizorota dawa ni kuongeza visambaza mawimbi, vile viboksi vyeupe vya darini. Sivyo. Katika masafa ya gigahezi 2.4, chaneli, yaani njia za kupitishia mawimbi, zisizoingiliana kwa kawaida ni tatu tu: 1, 6 na 11. Ukijaza visambazaji kumi kwenye ghorofa moja, vilivyo kwenye chaneli moja hulazimika kusubiriana, kama abiria wa daladala kwenye mlango mmoja. Kasi inashuka. Ndiyo maana mhandisi mzuri mara nyingine hupunguza nguvu ya mawimbi, au huzima kabisa redio kadhaa, yaani sehemu za visambazaji zinazorusha mawimbi, na bosi aliyelipia vifaa hivyo akabaki mdomo wazi.

Kwenye usaili mpe ramani ya ofisi yenye kuta za zege na lifti, umwulize ataanzia wapi. Akitaka kujua kwanza watu wangapi watakaa wapi na wanafanya kazi gani, msikilize. Akitaja idadi ya vifaa kabla ya kupima chochote, endelea kutafuta.