"Ardhi ipo tupu, wahamie tu" na dhana nyingine potofu kuhusu mtawanyiko wa watu

Dhana inayochosha kuliko zote ni hii: Tanzania ina ardhi tele, watu wamejirundika Kilimanjaro na Mwanza kwa mazoea, kwa hiyo wahamie Lindi au Katavi tatizo liishe. Wanaosema hivi hushika wastani wa taifa wa sensa ya 2022, kama watu 70 kwa kilomita ya mraba, wakaona Lindi ina kama 18 tu, wakahitimisha kwamba mkoa mzima unasubiri kujazwa.

Hausubiri. Sehemu kubwa ya Lindi ni hifadhi. Mvua huja kwa msimu mmoja, na kwenye vichaka kuna mbung'o, ambao kwa mfugaji maana yake ni nagana, ugonjwa wa mifugo wanaoueneza, na ng'ombe kufa. Kuna na historia: katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Vijiji vikahamwa, vichaka vikarudi, mbung'o wakafuata. Barabara nayo ilichelewa. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko.

Anayedharau haya asome habari za Kongwa, mkoani Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza waliingiza matrekta kulima karanga kwenye nchi waliyoiona tupu. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa ni kama 7,500. Mizizi ya mibuyu ilivunja mashine. Kibaya zaidi kilikuwa udongo: una mfinyanzi mwingi, mvua ikikatika unakauka na kuwa mgumu kama saruji. Karanga hutoa maua juu, kisha kikonyo hujichimbia ardhini na ganda hukua humo. Udongo ukishagandamana, huwezi kung'oa ulichopanda. Mradi ulifutwa mwaka 1951, baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Wagogo walikuwa wakichungia pale kwa sababu walijua mvua yake haitabiriki.

Kwa hiyo ukiambiwa kuna ardhi tupu inauzwa, nenda kaione Oktoba, usiende Machi kila kitu kikiwa kijani. Uliza maji yanachotwa wapi mwezi huo na kwa umbali gani. Ng'ombe mmoja hunywa lita 30 hadi 40 kwa siku wakati wa joto. Zidisha kwa idadi ya mifugo yako kabla ya kulipa hata senti. Kisha nenda ofisi ya kijiji ukaulize mpango wa matumizi ya ardhi. Mara nyingi "pori" hilo ni malisho ya watu.

Kilimanjaro nako hakukujaa kwa mazoea. Miteremko ya kusini ina udongo wa volkano, masika na vuli, na mifereji ya asili inayoshusha maji kutoka msituni hadi migombani. Mgomba huzaa mwaka mzima, hivyo familia iliweza kuishi kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, kidogo. Dodoma, yenye mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, eneo la ukubwa ule halilishi hata nusu ya familia.

Dhana nyingine ni hizi. "Watu hufuata rutuba." Basi Dar es Salaam, iliyo juu ya mchanga, isingekuwa na watu milioni 5.4. Bandari, reli na ajira ndivyo vilivyowaleta.

"Joto hufukuza watu." Kisiwa cha Java, Indonesia, kiko karibu na ikweta na kina watu zaidi ya 1,000 kwa kilomita ya mraba.

"Penye madini hujaa watu." Botswana ina almasi nyingi, lakini wastani wake ni kama watu 4 tu kwa kilomita ya mraba. Mgodi wa kisasa huajiri wachache, na jangwa la Kalahari halina maji.

"Misri haijabanana, ni watu mia na kidogo kwa kilomita ya mraba." Hesabu hiyo imeingiza jangwa. Karibu asilimia 95 ya Wamisri wanaishi kwenye takriban asilimia 5 ya nchi, kandokando ya Nile na kwenye delta yake. Gawanya kwa eneo hilo tu, utapata karibu watu 2,000.