Umio Safi Kwenye Kamera Haukanushi Kiungulia

Kwa mara nyingine mgonjwa amenikabidhi ripoti ya kipimo cha kamera isemayo umio wake hauna jeraha, akaniambia ameshaelezwa kwamba hana asidi na kifua kuwaka ni mawazo tu. Si kweli, na nimechoka kuwaona watu wakirudishwa nyumbani namna hii. Wengi wenye kiungulia cha kweli hukutwa na umio usio na mchubuko, kwa kuwa kamera huonyesha madhara ya asidi kwenye utando, haionyeshi asidi yenyewe inavyopanda usiku.

Tena anayeandika rufaa haulizi mgonjwa aliacha omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, lini. Dawa hiyo huponya michubuko mingi ndani ya wiki 8, hivyo anayepimwa huku akiimeza anaweza kuonekana mzima. Pasipo dalili za hatari, kama chakula kukwama, kutapika damu au kukonda, nataka isimamishwe wiki 2 hadi 4 kabla ya kipimo.

Kosa la upande wa pili ni kuandika "umio una wekundu" na kuhitimisha kwamba asidi imethibitishwa. Wekundu si mchubuko. Katika mfumo wa Los Angeles, unaopanga ukali wa michubuko ya umio, daraja A ni mchubuko usiozidi milimita 5 na B ni unaozidi hapo, yote mawili bila kuunganisha vilele vya mikunjo ya utando. C umeviunganisha lakini haujafika asilimia 75 ya mzingo, na D umefika au kupita. C na D hayana ubishi, na makubaliano ya pili ya Lyon, ya wataalamu wa ugonjwa huu, yanakubali B pia kuwa uthibitisho. Shida ni A. Mstari wa milimita 3 juu ya mpaka wa tumbo, mgonjwa akijikakamua kutapika na povu la mate likiziba lenzi, nausafisha kwa maji, napuliza hewa, nasubiri umio utanuke. Hata hivyo mwenzangu aliyesimama kando anaweza kusema haoni mstari huo, nami siwezi kuapa kwamba amekosea. Daraja hilo hupatikana hata kwa watu wasio na dalili yoyote, kwa hiyo naliandika bila kulifanya hukumu.

Umio ukiwa safi na dalili zikaendelea, kinachofuata ni kupima asidi kwa mpira mwembamba upitao puani kwa saa 24, dawa zikiwa zimeachwa: asidi ikikaa kwenye umio zaidi ya asilimia 6 ya muda huo, ugonjwa upo, chini ya asilimia 4, chanzo kitafutwe kwingine.