Shilingi ya pamoja haikufa 1977

Kijiweni, mazungumzo yakigusa sarafu moja ya Afrika Mashariki, hakosekani wa kusema: "Tulikuwa nayo, ikafa Jumuiya ilipovunjika 1977." Sivyo. Shilingi ya pamoja, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki tangu 1921, ilianza kuachwa 1966, pale Tanzania, Kenya na Uganda kila moja ilipofungua benki kuu yake na kutoa noti zake. Mkataba wa Jumuiya ile ulitiwa saini 1967. Yaani ndoa ilifungwa mifuko ikiwa imeshatenganishwa!

Kisa? Kazi kubwa ya Bodi ilikuwa kubadilisha shilingi kwa pauni ya Uingereza, si kupanga mikopo na riba. Serikali changa zilitaka kujiamulia zenyewe mikopo na riba.

Kigingi cha leo ni kilekile: kila nchi kutaka kujiamulia. Itifaki ya 2013, mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa, ililenga sarafu moja ifikapo 2024, mwaka ukapita. Kila nchi ilitakiwa kwanza kuzuia mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti (matumizi ya serikali yanayozidi mapato yake) isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, na kuweka akiba ya fedha za kigeni ya kuagizia bidhaa kwa miezi 4.5. Kuchapa noti ndiyo kazi rahisi.