Tahadhari ya seva isimwamshe mtu bure

Saa nane usiku simu ya fundi wa zamu inalia: prosesa ya seva imefika asilimia 91. Anaamka, anafungua kompyuta, anakuta imeshashuka hadi 40. Saa tisa kasorobo inalia tena. Wiki ya pili anazima sauti, na usiku diski inapojaa kweli hakuna anayesikia. Nimeishuhudia seva ya matokeo ya mitihani ikizimika hivyo hadi asubuhi, ilhali ujumbe ulikuwa umetumwa, tena mara nyingi.

Simlaumu fundi. Sharti la tahadhari liliwekwa vibaya: lilishtuka kwa kipimo kimoja tu. Katika Zabbix, programu ya kufuatilia seva, andika min(/seva01/system.cpu.util,5m)>90, yaani hata kipimo cha chini kabisa cha dakika 5 kiwe kimepita 90. Kisha weka sharti tofauti la kupona, yaani la kufunga tahadhari, tuseme chini ya 75. Bila hilo, seva inayopanda na kushuka polepole kati ya 89 na 91 inaweza kukupigia kelele usiku kucha. Wanaotumia Prometheus, programu nyingine ya kazi hiyo, wanaongeza mstari wa for: 5m kwenye kanuni ya tahadhari, ili hali idumu dakika 5 kabla ya kupiga kelele.

Diski ina hesabu yake. Asilimia 10 ya terabaiti 4 ni gigabaiti 400, ya gigabaiti 20 ni 2 tu. Kwa hiyo mimi hutazama kasi ya kujaa. Kwenye Prometheus, predict_linear(node_filesystem_avail_bytes[6h], 24*3600) < 0 huangalia saa 6 zilizopita na kukadiria kama nafasi itaisha ndani ya saa 24. Mara nyingi onyo hilo huja mapema, watu wakiwa bado macho.

Kuhusu vitendo vya kiotomatiki, nawasihi muwe waangalifu. Huduma ya wavuti iliyokwama, iache programu iiwashe upya mara moja. Ikishindikana, baada ya dakika 10 imwite fundi. Kanzidata usiikabidhi kwa skripti (amri zinazojiendesha zenyewe), huenda iko katikati ya nakala rudufu. Ajenti ya Zabbix, programu ndogo inayokaa kwenye seva, hukataa amri za mbali hadi uziruhusu kwa mpangilio wa AllowKey: ruhusu ile moja unayoihitaji, usifungue zote. Na kila kuwashwa upya kuandikwe, kwa sababu huduma inayofufuliwa kila usiku pengine inavuja kumbukumbu (inaichukua bila kuirudisha), na skripti inaificha.

Mwisho, kwenye seva ya majaribio, jaza diski kwa fallocate -l 5G jaribio (amri ya Linux inayotengeneza faili kubwa), kisha shika simu mkononi usubiri ujumbe uingie.